Kidole Juu ya Chipu

Chipu mbili za kutengenezea redio zilibaki mezani. Moja ilikuwa tulivu, lakini mawimbi ya kasi ya redio ya milimani yaliishinda; ukiiweka, redio inakaa kimya. Nyingine iliyaweza, ila ilikuwa na wazimu: ikipata umeme tu, inapiga yowe lake yenyewe na kumeza sauti zote.

Nje ya karakana, pale Kihonda, waokoaji walisubiri na majembe. Kule milima ya Uluguru kilima kilikuwa kimeporomoka, watu wako chini ya udongo, na hakuna aliyejua njia ipi bado inapitika.

Mwanvita, fundi wa redio, akaichomea ndani ya redio ile yenye wazimu.

Yowe likajaa chumba kizima. Kwa hasira akaibana chipu kwa kidole. Yowe likakatika. Akainua kidole, likarudi. Akakibandika tena, na kwa mkono wa pili akashika kipaza sauti, akaita milimani.

"Nani huyo?" Ilikuwa sauti ya mjomba wake aliyemlea, mwenye redio kule milimani.

"Mwanvita, mjomba! Tupite njia ipi?"

Chipu ilikuwa ya moto kama kikaango.

"Oo, Mwanvita! Mume hajambo? Na watoto?"

"Wazima wote. Mjomba, njia ipi?"

"Na mvua huko mjini, mnaionaje?"

Ngozi ikaanza kunuka. Machozi yakamtoka, kidole hakikutoka.

"Mjomba, nakuomba. Njia!"

Mzee akajibu kwa sauti ya mtu aliyenuna:

"Siku hizi hakuna shikamoo?"

Mwanvita akauma meno. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Enhe, na mama mkwe wako, ule mguu umepona?"