Jiko la Mwatime

Tangu mashine ya serikali ya kuchunguza vifo iamue kwamba mumewe aliuawa na mchuzi aliompikia, jiko la Mwatime limegoma kuwaka akiligusa yeye. Akaenda kwa afisa wa malalamiko.

"Mashine ilikukosea adabu, mama? Ilichelewa?"

"Ilichelewa siku mbili. Lakini mwanangu, yule mzee alianguka kutoka juu ya paa!"

"Chanzo cha kifo sheria hainiruhusu kukigusa. Kuchelewa, hapo sasa nina meno."

Ijumaa ikaja barua ya kumwomba radhi kwa siku mbili zile. Mwatime alicheka mpaka akapaliwa. Binti yake Rukaya akawasha jiko, akapika, akapakua. Mwatime akashika upawa amwongezee mchuzi.

"Acha tu, mama," Rukaya alisema, akiifunika sahani kwa kiganja.