Kibonyeo cha Kisogoni

Kliniki walimfunga Mwanakombo kitambaa machoni, akapapasa mchele, pamba na msasa, vyote akavitaja bila kukosea. Mishipa ya fahamu ya mkono wake wa kulia, iliyokatwa na bati, ilikuwa imeungwa na, kama sheria inavyotaka, kujazwa hisia za mguso kutoka hazina ya taifa, zile zile kwa kila raia.

Jioni alimkalisha bintiye Zulfa katikati ya magoti amsuke. Zulfa ana kibonyeo kisogoni tangu kuzaliwa, na misuko ya mama yake hukizunguka. Leo vidole vya mkono wa kulia vilipita hapo vikakuta kichwa cha mtoto yeyote.

“Mama, umekatiza kwenye kishimo changu!”

Akapapasa kwa mkono wa kushoto. Kibonyeo kilikuwa pale pale, kama punje ya kunde.

Mumewe, Sefu, akamsomea ujumbe wa kliniki. “Wanasema hongera, umefaulu. Kesho asubuhi uwapelekee na mkono wa kushoto, nao ujazwe, mikono isije ikapingana.”

Mwanakombo alizifumua nywele, akasuka upya, mkono wa kushoto ukitangulia, polepole mno hata Zulfa akasinzia. Alipomaliza, akafumua tena.