Betri Zenye Doa Jekundu

"Mama, tulia," kijana wake alimwambia kwa simu kutoka bandarini. "Ukungu ni mzito, na kile kifaa kikubwa cha kuonyesha njia kimezimika kwenye mashua. Lakini si unamjua baba? Kile kidogo cha akiba hakimtoki mkobani. Atakiwasha, atayakwepa mawe, na muda si mrefu atakuja kutupigia kelele za njaa."

Mama alicheka kidogo. Kweli, mume wake ndivyo alivyo. Hata betri za kifaa hicho alizitia doa kwa rangi ya kucha ya mkewe, mtu asije akazichukua.

Redio ya jikoni ilikuwa ikiimba. Jana ilizimika, naye akanung'unika mpaka akalala. Asubuhi aliikuta inaongea, na kando yake kikombe cha chai kilichofunikwa vizuri.

Kicheko kikamkauka. Akaigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma.

Betri mbili, kila moja na doa jekundu.

Alipozitoa, jiko lilinyamaza. Zilikuwa bado na uvuguvugu kiganjani.

"Mama? Umenisikia? Ana cha akiba."

"Mwanangu," alisema, "waambie waende wakamtafute sasa hivi. Betri ninazo mimi."