Kwa Miguu Handakini

Injini ilikohoa mara mbili, ikazimika. Mashua ikabaki inaelea katikati ya Handaki la Harrock, pale mfereji unapopita ndani kabisa ya kilima, na darasa zima la watoto ndani yake.

"Haya, watoto!" nahodha Arnold Clegg akapaza sauti kwa furaha. "Hapa hapa ndipo nilipopataka!"

Uongo mtupu. Jasho lilikuwa linamtoka, ilhali handakini mle hakuna joto hata mwezi wa Julai.

Injini ya mashua ile, *Edith Mary*, ilikuwa imeshamwaibisha mara mbili msimu ule. Mara ya pili, Bi Ramsbottom, mwenyekiti wa chama chenye mashua, alimwambia bila kumung'unya maneno: "Arnold, ikituzimikia tena na watoto ndani, tunaiuza. Na safari za shule ndiyo basi." Mzee wa watu hakulala usiku ule. Bila safari zile angeshinda nyumbani akigombana na paka.

Na leo shahidi wa aibu yake ni nani? Mwalimu Hesketh! Afadhali angekuwa mwalimu mwingine yeyote. Huyu huja na darasa lake kila mwaka, na kila mwaka hana jema. Asubuhi hiyo kamba hazijafunguliwa, yeye ameshaanza.

"Bwana Clegg, mwaka jana ulituhadithia habari za wale watu wa zamani waliokuwa wakilala chali na kupitisha mashua handakini kwa kukanyaga ukuta. Nusu saa nzima! Darasa langu lilisinzia."

"Si ndiyo historia yenyewe, mwalimu?"

"Historia gani ya kuambiwa tu? Hata mbao walizolalia umezigeuza meza ya birika."

Kisha akakataa kukaa ndani na watoto, eti harufu ya krispi zao za viazi inamtia kichefuchefu. Akajikalisha nyuma kwenye ngazi, karibu na miguu ya nahodha, na glavu zake za sufu za rangi ya maziwa, akawa anakagua kila kitu.

"Na hiki kikoki chekundu hapa chini ni cha nini?"

"Kinafunga dizeli, mwalimu. Tafadhali sana, mtoto asikiguse."

"Hakuna mtoto atakayekigusa," akasema, mdomo ameubana. "Nakuahidi."

Sasa mle gizani Arnold akabonyeza kitufe cha kuwashia. Injini ikalalamika, ikakataa. Akabonyeza tena. Wapi!

"Nahodha, tumekwama?" Alikuwa Tahira, binti aliyewazidi wenzake wote kwa mdomo. "Maana mimi chakula changu cha mchana nimeshakimaliza."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Tahira, hebu fikiri," Mwalimu Hesketh akadakia. "Watu wa zamani hawakuwa na injini. Wangefanyaje hapa?"

Ndipo akili ikamrudia Arnold. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumletea mwalimu asiyejua lolote kuhusu injini.

"Swali zuri sana!" akasema. "Ondoeni birika hapo mbele! Leteni mbao!"

Watoto wakalala wawili wawili chali juu ya mbao, kofia ngumu vichwani, majaketi ya kuokolea vifuani, miguu ukutani. Arnold akashika usukani na kuhesabu: kushoto, kulia, kushoto. Mwanzoni mashua haikusogea hata kidogo.

"Edith, dada, umekula nini wewe?" Tahira akagumia, na walio mbele wakacheka hata wakaishiwa nguvu. Wakaanza upya. Safari hii matofali yakaanza kurudi nyuma, taratibu, moja baada ya jingine. Kelele zilizozuka mle handakini, we acha tu! Kila mmoja alitaka zamu, na aliyemaliza alidai kurudia.

Halafu Mwalimu Hesketh akainuka pale ngazini.

"Nipisheni," akasema. Akalala chali na sketi yake ya heshima, akakanyaga ukuta kwa nguvu zake zote, huku darasa likimshangilia kama mchezaji wa mpira.

Walipotokeza kwenye mwanga, gati lilikuwa pale pale karibu na mdomo wa handaki. Arnold akachukua upondo, akaisogeza mashua hadi ukingoni. Na nani anawasubiri, mikono kifuani? Bi Ramsbottom.

"Arnold, mbona sikuisikia injini?"

Arnold akajifanya anafunga kamba. Lakini Mwalimu Hesketh alikuwa ameshashuka, nywele timtim, mgongo wote matope.

"Kwa sababu ilizimwa, mama," akamwambia. "Kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Mwaka ujao naleta shule nzima, lakini watuvushe hivi hivi, kwa miguu."

Bi Ramsbottom akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, akaenda zake. Arnold nusura alie. Kumbe mwalimu huyu ana utu hivi!

Akapiga magoti ngazini kuitazama injini kwenye mwanga wa mchana. Kikoki chekundu kilikuwa kimefungwa, kimekazwa hasa. Akakifungua, akatoa hewa kwenye bomba, akabonyeza kitufe. Injini ikanguruma papo hapo.

Damu ikamchemka.

"Mwalimu!" akafoka. "Si uliniahidi?"

Mwalimu Hesketh alikuwa akiwapandisha watoto kwenye basi. Akageuka, akavua glavu moja, iliyokuwa nyeusi kwa grisi kiganja kizima, akaitia mfukoni.

"Nilikuahidi hakuna mtoto atakayekigusa, Bwana Clegg," akasema. "Na hakuna mtoto aliyekigusa."