Vidole Kumi

"Mzee, legeza mkono. Mashine haiumi," karani alimwambia Vernon Haskell kwa mara ya tatu.

Vernon alijitahidi, lakini mkono ulizidi kukakamaa. Vidole vinne vya kulia, vinne vya kushoto, kisha gumba na gumba. Alama ya kila kimoja ilijitokeza kwenye kompyuta, kubwa na nyeusi, na kila moja ilimkata maini.

Yote haya aliyataka Glenda, jirani yao. Mwaka jana nyonga ya chuma ya Vernon iliwakwamisha kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege mpaka ndege ikawaacha wote wanne: Vernon na mkewe Lorraine, Glenda na mumewe. Mwezi ujao walikuwa wakienda kisiwani Maui. Safari hii Glenda aliwaandikisha wote kwenye mpango wa wasafiri wanaoaminika, akalipa mwenyewe, akaifunga risiti kwa utepe iwe zawadi ya miaka ishirini ya ndoa ya akina Haskell. Ukishaaminika unapita mlango wako, viatu mguuni, huku wenzako wakivuliwa mikanda. Alichosahau Glenda ni kuuliza kama wote wanaaminika.

Vernon alikuwa na lake. Akiwa na miaka kumi na tisa, kule Nebraska, aliingia kituo cha mafuta na bastola ya kuchezea ya watoto, akatoka na pesa, akafungwa miezi kumi na minne. Lorraine aliambiwa miezi ile ilikuwa ya jeshi la majini. Miaka ishirini Vernon alikuwa akimsimulia mawimbi, na kuogelea hajui. Angefanya nini? Wiki ya kwanza tu ya uchumba wao Lorraine alikuwa amemtazama machoni na kumwambia, "Nitavumilia yote, Vernon, ila mume mwongo nitamwacha."

Zamu ya Lorraine ikafika. Alivipangusa vidole kwenye sketi, akavipangusa tena.

"Hizi alama mnazilinganisha na za wapi?" alimuuliza karani, akitabasamu. "Hata za miaka thelathini nyuma?"

"Za nchi nzima, mama. Hata za bibi yako, kama aliwahi kukamatwa."

Lorraine akacheka, kisha akamtupia mumewe jicho. Anajua, Vernon akawaza.

Nje, Glenda alikuwa akiwasubiri garini. "Mbona nyuso hizo?" akawatania. "Mnakwenda Maui au mnakwenda kunyongwa?"

Majibu yangekuja kwa simu au kwa barua, waliambiwa, ndani ya siku chache. Vernon hakutulia hata siku moja. Kila asubuhi alijibanza dirishani kungoja gari la posta, aiwahi barua kabla ya mkewe. Lakini Lorraine naye alikuwa ameingiwa na mapenzi ya ghafla ya bustani. Alishinda amechuchumaa karibu na sanduku la barua, aking'oa magugu yasiyokuwepo, na kila gari lililopita mtaani lilimfanya ainue kichwa.

"Unangoja nini hapo, mpenzi?" Vernon alimuuliza.

"Na wewe hapo dirishani?"

Walichekeana, na hakuna aliyeondoka.

"Kwani lazima Maui?" Lorraine alimwambia siku ya sita, wakila. "Tuchukue gari twende milimani. Mimi na wewe tu. Hata leo."

Vernon nusura alie. Aliona mkewe anamtafutia mlango wa kutokea asiaibike mbele ya Glenda, na wema ule ulimchoma kuliko ambavyo matusi yangemchoma.

Siku ya tisa alishindwa. Lorraine alikuwa jikoni, aproni kiunoni, anasukuma unga wa biskuti. Vernon akasimama mlangoni akayamwaga yote: Nebraska, bastola ya bandia, jela, na bahari ambayo hajawahi kuigusa.

Lorraine aliacha kusukuma. "Hayo tu?"

"Kwani hayatoshi?" Aliudhika hata. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa sahani ya kichwa.

Lorraine akamshika shavu kwa mkono wenye unga. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Laiti ungeniambia zamani, Vernon," akasema. "Tungezungumza mengi."

Simu ya Vernon ikalia mfukoni. Akausoma ujumbe mara mbili, kisha kwa sauti. Amekubaliwa! Kosa lake ni la zamani mno, halihesabiwi tena.

"Naaminika, mke wangu! Serikali imesema!" Akacheza jikoni, nyonga ya chuma na yote. "Na wewe wamekuandikia?"

"Bado," Lorraine akasema. Akazima oveni, na biskuti hazijaingia.

Kengele ya mlango ikalia. Vernon alipofungua, furaha ikamwisha. Walikuwa polisi wawili, mwanamke na mwanamume, na gari lao limeziba njia ya gereji. Akainua mikono bila kuambiwa.

"Ni ile ya Nebraska, najua. Lakini kifungo nilikimaliza! Na sasa hivi mmeniandikia kwamba..."

"Shusha mikono, mzee," yule polisi wa kike akasema kwa upole. "Hatujakufuata wewe." Alikuwa akitazama jikoni, juu ya bega la Vernon. "Darlene Pruitt? Alama zako za vidole zimetuleta, baada ya miaka thelathini."

Vernon akacheka, pumzi zikimrudia. "Mmekosea nyumba. Hapa hakuna Darlene. Huyu ni mke wangu."

Nyuma yake, Lorraine akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani.

"Naam," akaitika.