Karibu ya Nungunungu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanatembeleana bila miadi, Nungunungu alianza kuuza karibu. Ukipiga hodi kwake haitikii mpaka umsukumie simbi mlangoni, maana simbi ndizo zilizokuwa fedha ya porini.

"Jirani, hata karibu inauzwa?" Digidigi akashangaa.

"Siku hizi kila kitu kina bei."

Basi wageni wakakoma, naye akabaki amelalia simbi zake.

Masika yakaja, udongo ukaporomoka, shimo likazibwa. Nungunungu akapiga kelele kutoka ndani: "Hodi! Hodi jamani!"

Digidigi na Kanga wakasikia, wakaketi juu ya udongo.

"Hodi tumeisikia," akasema Kanga. "Lakini karibu yetu ina bei."

"Bei gani?"

"Simbi zote."

Akazisukuma nje kupitia ufa huku akiguna. Wakamfukua, wakazifunga zile simbi miguuni kama njuga, wakacheza ngoma matopeni. Aliyeruka juu kuliko wote alikuwa Nungunungu.

Tangu hapo, ukipita hata njia ya mbali, na wala huna habari naye, utamsikia: "Karibu! Mbona unapita? Karibu ndani!"