Matangazo ya Saa Saba

Nakhungu alikuwa amebandika sikio kwenye redio ya mpishi wa shule mtangazaji aliposema marehemu ni mzee wa Kamukuywa, na kitinda mimba wake ni Phelista, wa kidato cha tatu hapa hapa shuleni.

Wenzake walipenda mpira na wanamuziki. Yeye alipenda matangazo ya vifo: nani mke wa nani, nani shemeji ya nani, nani ametajwa mwisho ilhali alizaliwa kwanza. Hivyo ndivyo alivyozijua koo za watu kutoka Bungoma hadi Kitale. Darasani walimwita Mochari, na aliyembandika jina hilo ni Phelista huyo huyo.

Ndiye aliyekuwa anaingia jikoni sasa na sahani ya githeri, wasichana wanne nyuma yake.

“Niaje, Mochari? Leo umetuletea maiti ya nani?”

Wasichana wakaangua kicheko. Mpishi, aliyekuwa amesikia pia, akainamia sufuria yake.

Mtangazaji akavuta pumzi, arudie tangazo tangu mwanzo kama kawaida yao.

Nakhungu akashika kidude cha sauti. Kilikuwa na mafuta ya kupikia, kikamteleza mara ya kwanza, kikamteleza tena. Akakibana kwa ncha ya sweta, redio ikanyamaza.

“Si useme, bana! Ama leo hakuna aliyekufa?”

“Weka hiyo sahani chini kwanza, Phelista.”

Phelista alikuwa bado anacheka, lakini sahani akaiweka.